Bibi Asijue

Mzee Methodius alikuwa amechuchumaa nyuma ya kontena la taka, baiskeli yake imelazwa kwenye majani, simu sikioni, kiganja kimeziba mdomo.

"Mke wangu, usilie basi," alinong'ona. "Nakuja sasa hivi. Kile ulichotaka nimekipata. Lakini bibi asijue, umesikia? Bibi akijua, tumekwisha mimi na wewe."

Upande wa pili wa kontena, Cherono alisimama na chupa yake ya maji, akayasikia yote.

Wote wawili walifanya kazi katika ghala moja la vipuri huko Downsview, Toronto. Mwaka huo wafanyakazi walikuwa wameunda timu ya kuendesha baiskeli ili kuchangisha fedha za matibabu ya watoto wenye saratani, na kila Jumamosi asubuhi walifanya mazoezi. Cherono ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Mzee Methodius, mtu wa Tukuyu, dereva wa foklifti ya kuinulia mizigo, ndiye aliyewazidi wote umri, na ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Alikuwa mtaratibu, wa maneno machache, mguu wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo usije ukaingia kwenye mnyororo. Mambo ya nyumbani kwake hakuyasema. Ila kila Jumamosi alikuja na bakuli la maandazi ya iliki, bado yana moto, yamefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni.

"Mama Kisa anawasalimu," alikuwa akisema. Mama Kisa ndiye mkewe.

Hayo maandazi ndiyo yaliyomchoma Cherono. Mtu anaamka alfajiri kukukandia unga, nawe unajificha nyuma ya taka kumbembeleza mwingine!

Alimweleza Gitonga, aliyekuwa akipakia naye mizigo. Gitonga alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndiyo maana anatuacha kwa mlima! Mtu wa mabibi wawili lazima akuwe na miguu."

"Si mchezo, Gitonga."

"Na si shauri yako, dada. Wewe endesha baiskeli."

Lakini Cherono hakuweza. Aliletwa Toronto kabla hajaanza shule, yeye na mama yake tu. Wazee wa ukoo aliwajua kwa picha. Baba alibaki nyuma, kumbe tangu kabla hawajaondoka alikuwa na nyumba ya pili, na mtaa mzima ulijua isipokuwa mama. Baba alikuja kusamehewa. Majirani waliomsalimia mama kila asubuhi huku wanajua, hao hawajasamehewa mpaka leo.

Basi akawa anamwangalia mzee kwa jicho la pembeni. Mazoezi yakiisha, wengine wakikaa kunywa chai, mzee huyoo, keshaondoka. Siku moja Cherono alimkuta katika duka moja la Don Mills akichagua kitambaa cha kichwa, cha rangi ya waridi, anajifunga mwenyewe mbele ya kioo, muuzaji hana mbavu. Siku nyingine, wakati wa chakula cha mchana, simu yake iliita, akageukia ukutani.

"Nikuimbie? Hapa pana watu, mke wangu." Akasikiliza. "Haya, haya, usinune."

Akaimba. Mzee mzima, polepole, masikio yakamwiva.

Jumamosi iliyofuata maandazi yalikuja tena, na Cherono alishindwa kulimeza hata moja. Akalichukua bakuli tupu.

"Leo nitalirudisha mwenyewe, Mzee. Nataka nimshukuru Mama Kisa."

Mzee Methodius alishtuka. "Aa, usijisumbue mwanangu. Nyumbani kwetu siku hizi... wageni hapana."

"Nitakaa kidogo tu."

"Nimesema hapana." Akapanda baiskeli, akaenda zake upande usio wa nyumbani.

Hapo Cherono hakungoja tena. Alitafuta anwani ya mzee kwenye fomu za timu, akapanda treni mpaka Victoria Park, akavuka lile daraja la waenda kwa miguu linaloingia Crescent Town, akapanda lifti, bakuli kifuani kama mtu aliyebeba yai. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yote yalikuwa mabaya.

Mama Kisa alifungua mlango, mikono imejaa unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Cherono? Viatu viache hapo hapo, mwanangu, na kanawe mikono kwanza. Kwa sabuni."

Cherono alinawa. Aliporudi hakukaa.

"Mama, mimi siwezi kukuficha. Mzee ana mwanamke. Nimemsikia kwa masikio yangu, anamwita mke wangu."

Mama Kisa aliendelea kujifuta unga, kidole kimoja kimoja.

"Anamnunulia vitu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nisijue?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Hee! Nilijua tu." Mama Kisa alirusha kitambaa mezani. "Tangu huyo mke mwenzangu aingie humu ndani, mimi sina mume tena. Hata kitanda kanipokonya. Mimi nalala kwenye kochi, mama wa watu!"

Cherono aligeuka huku na huku. "Yuko hapa? Humu ndani?"

"Njoo umwone mwenyewe."

Akasukuma mlango wa chumba. Kitandani, katikati ya mito, alikuwa ameketi mtoto wa miaka kama mitano, kichwa hakina unywele hata mmoja, mdomo umezungukwa na chokoleti. Alijifuta haraka kwa shuka, kisha akamkazia Cherono macho, toka juu mpaka chini.

"Bibi," aliuliza, "huyu naye ni mke wa babu?"