Nyumba Nyekundu ya Bi Mwanakheri

Siku hizi kila mlango una kipimo cha radoni, gesi ya sumu itokayo ardhini. Kikiwaka chekundu, mgeni haruhusiwi kuingia.

Bi Mwanakheri, mjane aliyekaa eda, alifunga madirisha yote kama walivyofanya mama zake.

“Mama, fungua, gesi itajaa!” bintiye alimsihi.

“Nifungue, wapita njia wanikodolee macho? Heri hiyo gesi.”

Kipimo kikawaka. Imamu alipomjulisha kwamba dini haikuharimisha upepo, akafungua. Lakini serikali huhesabu wastani wa mwaka, si hewa ya leo; kipimo kikabaki chekundu.

Bintiye akajifungua. Eda ilimzuia bibi kutoka, sheria ikamzuia mjukuu kuingia.

“Umemwona, Mama?” bintiye aliita kutoka barabarani, amemwinua mtoto.

“Nimemwona. Kafanana na marehemu,” akajibu dirishani, mikono yake ikipakata hewa safi.