Mume Aliyeshiba Hewa

Mke alimnusa mumewe shingoni, akamnusa mikononi, akainama akanusa hata soksi. Hakuna marashi. Lakini chakula kilikuwa mezani vilevile, hakijaguswa, kama jana na juzi.

"Nani anakulisha?"

"Hewa," mume akajibu, akijipangusa vumbi jeupe kwenye nyusi. "Si nilikwambia tunatengeneza nini kazini? Poda ya lishe, watu wanaivuta kwa pumzi. Sasa mimi nashinda humo humo, moto na mvuke, nitaacha kushiba?"

Mke hakujua acheke au alie. Mume mwenyewe mpole, hana makuu. Jikoni tu ndiko hakanyagi. Akiombwa aangalie sufuria wakati mtoto analia, huitazama kama ameona nyoka. Lakini mtu halali njaa kila siku akanawiri hivi. Kuna jiko jingine mahali.

Kesho yake akajifunga kibwebwe, mtoto mgongoni, moja kwa moja hadi kiwandani.

Mlangoni akapokelewa na mhandisi, mwanamke mwenye koti jeupe, mrembo wa kutisha. Ndiye huyu, mke akajisemea. Kabla hajamtolea uvivu, mhandisi alishamshika mkono.

"Karibu, dada! Umekuja kuuona mnara? Njoo, njoo, ndiyo kwanza tumeuwasha!"

Ulikuwa mnara wa kioo, mrefu hadi darini. Pampu ikapandisha maji ya vitamini mpaka juu, yakapulizwa kama ukungu, yakakutana na hewa ya moto, na kabla hayajagusa chini yakawa yameshakauka: poda laini kuliko moshi, ikizunguka kama kisulisuli na kuingia kwenye chupa. Mtoto akarusha miguu kwa furaha. Mke naye akasahau ugomvi, akapiga makofi.

"Jaribu," mhandisi akampa kifaa kidogo kama filimbi. "Vuta."

Akavuta. Kifua kikapoa, ulimi ukapata uchachu wa chungwa, akacheka peke yake kama aliyetekenywa. Akasubiri kushiba. Tumbo likanguruma mpaka mtoto akashtuka.

"Mbona sishibi?"

Mhandisi alicheka mpaka akashika ukuta. "Ushibe nini, dada yangu? Hizo ni vitamini tu, zinapitia mapafuni. Hazimshibishi hata sisimizi!"

"Na mume wangu je? Si anashinda hapa hapa mnarani?"

Kicheko kikakatika. "Mwanamume gani? Mnarani tuko mimi na binti yule pale, basi."

Mke akakaza mbeleko ya mtoto. Kumbe hata kazi hana hapa! Kila asubuhi anaaga, anakwenda wapi? Kwa nani?

Kengele ikalia. Wafanyakazi wakamiminika kutoka kila mlango kama watoto wa shule, na mhandisi akamvuta mkono. "Twende, tutaongea tukishakula. Ukichelewa hapa unakuta masufuria matupu."

Dirisha la bwalo lilikuwa wazi. Ndani, katikati ya mvuke, jamaa mwenye aproni na kofia nyeupe alionja mchuzi, akatikisa kichwa, akafunua sufuria nyingine akaonja, akafunua ya tatu akaonja tena.

"Haya, mabosi zangu, foleni!" akaita, akageuka na upawa mkononi, akakutana uso kwa uso na mkewe.