Twiga Kwenye Kwaya

Wanyama nao waliwahi kuwa na sekondari yao, na asiye na klabu hakuvuka kidato. Chiriku, kiongozi wa kwaya, aliletewa Twiga baada ya skauti kukosa hema la kumtosha, na maigizo kumchoka kwa sababu kichwa chake kilitokeza juu ya pazia. Sauti Twiga hakuwa nayo kabisa. Hata hivyo, mwaka mzima alisimama mstari wa nyuma, akifumbua kinywa na kuyumbisha shingo.

"Kaka, unaimba au unapiga miayo?" Chiriku alimtania, kwaya nzima ikaangua kicheko.

Siku ya kufunga mwaka akamwambia, "Leo kaa kule mwisho wa ukumbi. Kesho nakutoa."

Kutolewa maana yake kurudia darasa. Twiga akainamisha shingo, akaenda.

Kwaya ilipoanza tu, mvua ikashuka juu ya mabati. Chiriku hakuisikia hata sauti yake mwenyewe. Fisi akakimbilia ubeti wa pili, Bundi bado yuko wa kwanza, wazazi wakaanza kuguna.

Chiriku akainua macho kwa aibu. Kule mwisho, juu ya vichwa vyote, shingo ndefu ilikuwa inayumba, huku na kule, bila kukosea hata pigo moja. Akaifuata. Fisi akaifuata, na Bundi, mpaka sauti zote zikawa moja na ukumbi mzima ukasimama, midomo wazi.

Mvua ilipokatika, Chiriku aliruka mpaka sikioni kwa Twiga.

"Kaka, mwaka mzima nilikuwa nakusikiliza. Kumbe wewe ni wa kutazamwa!"

Twiga akafumbua kinywa amshukuru. Haikutoka sauti, na safari hii hakuna aliyecheka.