Shina la Mgomba Ndani ya Sanda

Shina la mgomba lilivikwa shati la Selestine, likafungwa sanda, likateremshwa kaburini katika kibanja cha baba yake, Buganguzi. Watu wakalia kama kuna maiti.

"Tupa udongo, Ma Kemilembe," alisema Ta Karugendo, shemeji yake na mkubwa wa ukoo. "Mwanao ametangatanga vya kutosha."

"Mwanangu yuko gerezani. Hatangatangi."

"Gereza gani lisilo na mfungwa? Wenyewe wamesema hawanaye!"

Ndivyo walivyosema. Selestine alikwenda kuendesha malori ya mizigo kwenye nchi ya watu, vita vikamkuta huko, akakamatwa na jeshi la taifa kubwa, lile lile linalotuhubiria haki za binadamu kila uchao. Wakamfungia katika nchi ya tatu, makusudi, ili mahakama zao ziseme: si raia wetu, si ardhi yetu, hayatuhusu. Hashtakiwi, haachiwi. Annastella, wakili wa Bukoba mjini, akaungana na mawakili wa kule kuomba jambo moja tu: mtu huyu aletwe mbele ya jaji, na aliyemfunga aseme kwa nini. Jeshi likajibu kwamba halina mtu wa jina hilo.

Hapo ukoo ukakata shauri. Kama hawanaye, amekufa. Na aliyefia mbali, mwili usipatikane, huzikiwa mgomba badala yake, asije akawasumbua walio hai. Wajukuu walikuwa wakiugua mmoja baada ya mwingine. Kemilembe akakataa, akanuniwa, akasemwa kisimani, akaambiwa anaua watoto kwa ubishi. Mwisho akachoka. Mama naye ni mtu.

Akatupa udongo.

Lwakatare, binamu aliyetoka Bilele, Bukoba mjini, akaupiga picha msalaba wenye jina, akairusha mtandaoni: Pumzika, kaka. Pole zikamiminika. Wiki ile Kemilembe alipata usingizi, akaona haya kwa kuupata.

Mvua za vuli zilipokolea, majira ya senene, wale panzi wa kuliwa, Annastella akaja mwenyewe, viatu vimejaa tope. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Ma, tulishinda. Jaji alisema hata mgeni, hata akifungiwa ng'ambo, ana haki ya kuuliza kwa nini. Akaamuru aletwe."

"Kaburi lake lile pale, mwanangu. Haki yenu imetembea kwa magoti."

"Nimeliona. Na jeshi limeliona. Walimpelekea jaji picha ya msalaba. Wakasema, ni kweli tunaye mtu anayejiita Selestine, lakini Selestine wa kesi hii ukoo wake umeshamzika. Huyu wetu hana kwao. Kesi ikafutwa."

Kemilembe akashika mwimo wa mlango.

"Huyo wao... ni nani?"

"Jaji alipoamuru, kabla ya ile picha, waliniruhusu niongee naye kwa simu, kidogo tu." Annastella alitazama chini. "Anakusalimia, Ma. Aliuliza kama senene wameshaanza kuanguka."