Mapigo Mia Themanini

Damu iliruka mpaka kwenye taa. Mpasuaji alikuwa ameinua kipande cha fuvu, na mshipa uliokuwa chini yake ukapasuka.

"Vuta hiyo damu, unatazama nini," akamfokea muuguzi.

Mapigo ya moyo ya mtoto yakapanda mpaka mia themanini.

Mama Usingizi, kama walivyomwita pale kazini kwa kuwa ndiye aliyewalaza wagonjwa kwa dawa, alikunja uso. Tangu waanze, mashine ilikuwa ikimchezea shere: mpasuaji akinyamaza, mapigo yanatulia, akifungua kinywa, yanatimua mbio. Usingizi mwepesi huu, aliwaza, akaongeza dawa.

Binti mwenyewe alikuwa wa miaka saba. Jambazi aliyefunika uso aliwavamia alfajiri, akamponda kichwa kwa nyundo. "Mwanangu alipigana naye, dada," mama yake alisema mlangoni kabla hawajaanza. "Kwa kucha na kwa meno."

Meno hayo Mama Usingizi alikuwa ameyahesabu. Kila mtoto humhesabu meno kabla ya kupitisha mpira wa kupumulia, lisije likang'oka moja likazama mapafuni. Ya huyu, mawili ya mbele juu, ya utotoni, yalishang'oka, na mapya hayajaota.

Dawa ilizidi. Moyo ukalegea, mstari kwenye mashine ukalala.

"Mwache aende," mpasuaji alisema. "Hata akipona atakuwa zezeta."

"Wewe ziba mshipa, daktari. Kifua niachie mimi."

Akakandamiza. Akakandamiza tena, kwa uzito wake wote, mpaka ubavu mmoja ukalia ko chini ya kiganja chake. Akachoma sindano ya moyo, akarudi palepale, jasho likimlowesha barakoa. Dakika nne nzima. Ndipo mstari ukajikunja kidogo, ukainuka.

"Una kichwa kigumu, mama," mpasuaji alisema. "Akiamka atakumbuka kitu?"

"Watoto hawasahau, daktari. Wewe na makelele yako atawakumbuka wote wawili."

Muuguzi alicheka. Mpasuaji hakucheka.

Walipomaliza kushona, mpasuaji alivua glovu. Mkono wa kulia alikuwa amevaa mbili.

"Nenda kapumzike, mama. Nitakaa naye mwenyewe mpaka aamke."

Mia themanini.

Mama Usingizi aliutazama ule mkono. Chini ya kidole gumba palikuwa na alama mbichi za meno, madogo madogo, na katikati yake pengo la mawili.