Kidundo na Binti Yake

Palikuwa na nguchiro aitwaye Kidundo, aliyempenda bintiye Tunu kuliko macho yake. Dada yake Kidundo alipoanza kuwafunza vijana kupambana na nyoka, wa kike kwa wa kiume, Kidundo alimkataza Tunu kwenda.

"Mwanangu, wewe ni wa kulindwa. Nyoka niachie mimi."

Siku moja swila aliingia shimoni mwao. Kidundo alijitosa mbele, miguu ikamgomea. Tunu akamruka baba, akamzungusha nyoka hadi akachoka, kisha akamng'ata kisogo.

"Nani kakufunza?" Kidundo aliuliza.

"Shangazi. Huwa natoroka, baba. Nisamehe."

Asubuhi Kidundo alimpeleka Tunu mafunzoni mwenyewe, lakini hakuondoka.

"Dada," alisema kwa haya, "na mzee hufundishika?"

Dada akacheka. "Keti karibu na mwanao, akuonyeshe."