Bubu Hasemi

Hana alikata mstari kwa mara ya tano, na safari hii penseli ikatoboa karatasi.

"Hapana," alisema. "Rudia."

Farhan aliitazama karatasi yake akahisi damu inapanda kichwani. Tangu saa nane mchana walikuwa kwenye stoo ya mjomba wake Bashiru, katikati ya viroba vya mchele wa Mwamkulu, na mpaka sasa hakuwa amepata hata nusu ya mtu.

Mchezo wenyewe Hana alitoka nao Tabora, alikosoma. Kila mchezaji anaunda mhusika wake kwenye karatasi: ana nguvu kiasi gani, akili kiasi gani, anaogopa nini. Kisha Hana anawapitisha kwenye safari ya kubuni, na dadu inaamua nani apone. Walikutana mara moja kwa mwezi, siku ambayo Romana anakuja mjini kutoka Mishamo kuuza maharage. Romana alikuwa na mganga wake anayefuga fisi, amekamilika zamani. Farhan ndiye mgeni, na Hana alishamwambia kwamba ikifika saa kumi karatasi haijakamilika, wataanza bila yeye. Yaani mtu aisubiri siku mwezi mzima, halafu aambiwe akae pembeni atazame wenzake.

Na siyo kwamba hakujua anamtaka nani. Alimtaka Bubu.

Aliyekulia Mpanda na kupita kwenye lile banda la gemu karibu na stesheni anamjua. Gemu lilikuwa na maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kila mji adui alitokea na boksi la maneno yake chini ya skrini, limejaa pomoni. Likija boksi la shujaa wa gemu, lilikuwa tupu. Halafu anachomoa upanga anamaliza kazi. Watoto walimchora ukutani kwa mkaa, kimo cha mtu mzima, wakaandika jina chini yake: BUBU. Farhan alikuwa na miaka minane. Siku walipomchora alisimama mbele ya ukuta mpaka banda likafungwa.

"Nguvu umempa nzuri," alisema Hana. "Upanga sawa. Ila hapa kwenye lugha umeacha wazi. Na hapa, anachomwambia adui, umeacha wazi tena."

"Hasemi, dada Hana. Ndivyo alivyo."

"Huko kwenye gemu. Hapa mezani kila mtu anasema."

"Basi atasema kwa upanga."

"Hapo ndipo nilipokata mara ya pili. Hukuona?"

Kuna watu wamezaliwa kukwamisha wenzao. Farhan alimgeukia Romana kuomba msaada, lakini Romana alikuwa anamenya karanga, na hakujibu mpaka alipomaliza na kujifuta mikono kwenye kitenge.

"Mimi hilo jina lenyewe silipendi," alisema. "Mbadilishie."

"Jina ndiyo mwenyewe."

"Nyie wanaume mna mambo."

Duka la simu la jirani lilikuwa limefungulia spika mpaka karanga zinatetemeka kwenye sahani. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa na lao la kuwashughulisha.

"Niangalie mimi, achana na karatasi," alisema Hana. "Mganga wa Romana yuko mtoni, anakuomba msaada. Utamjibu nini? Utamwacha—"

Umeme ukakatika. Stoo haikuwa na dirisha. Mabishano nayo yakakatika hapo hapo, wakakaa gizani bila neno, hadi Farhan alipoipapasa simu yake, akawasha tochi na kuisimamisha kwenye kopo. Hana akaendelea pale pale alipoishia.

"Utamwacha aliwe na mamba, wewe umesimama tu?"

Farhan alipiga meza kwa kiganja. Wote wawili wakamtazama.

"Unajua kwa nini namtaka?" aliuliza. "Alipita miji saba, akawapiga wote. Hakufungua mdomo hata mara moja, na hakuna mtu mle bandani aliyemcheka. Walimwogopa. Mimi mwingine wa namna hiyo sijamwona, siyo kwenye gemu, siyo kwenye sinema, siyo popote. Sasa wewe unataka awe kama wengine."

Hana aliisukuma karatasi kando. Hasira yake ilikuwa imemtoka, na iliyobaki usoni ilikuwa huzuni tupu.

"Mwezi mzima huko nje mimi nanyamaza," alisema. "Sokoni nanyamaza. Kanisani nanyamaza. Nyumbani kwetu watu wanakula, wanacheka, mimi nimekaa tu na sahani yangu. Nikija hapa nataka tuongee mpaka nichoke. Siwezi kukaa na mtu aliyenyamaza, hata awe wa kwenye karatasi. Mlete huyo Bubu wako, simkatai. Ila aongee."

Farhan alijaribu kukasirika tena, ikashindikana. Alivuta karatasi. Kwenye nafasi ya lugha aliandika neno moja: yetu. Hana alilisoma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukata kitu. Romana akasogeza dadu katikati ya meza. Lango la mji wa kwanza lilikuwa limefunguka, na adui amesimama mlangoni.

Pazia la stoo likavutwa. Bashiru aliingia kuchukua kiroba, na mteja mmoja, mama wa makamo, akachungulia nyuma yake.

"Kumbe humu kuna watu?" alishangaa. "Nimesimama hapo nje tangu umeme ukatike, sijasikia mtu akisema neno."

"Wamo tangu saa nane," alijibu Bashiru. "Na wanagombana kweli kweli, kwa lugha yao ya alama."

Mezani hakuna aliyegeuka. Farhan aliweka penseli chini, akainua mikono yote miwili kwenye mwanga wa tochi, na Bubu akaanza kuongea.